Sahihi ya Mujane

Wasomaji, juma hili mumetuandikia barua nyingi, na karibu zote zinasema neno moja: soda Jordy, ule askari, auawe, tumalize. Haya. Mukae vizuri, juu leo kuna wengine watakula maneno yao.

Tulimuacha Mama Emérence ndani ya biro ya auditeur wa kijeshi, mushitaki wa jeshi, kule Beni. Karatasi iko mbele yake juu ya meza, na auditeur anamuuliza: "Mama, hii sahihi ni yako?"

Ilikuwa yake. Ile E kubwa yenye mukia murefu, masista walimufundisha tangu darasa la kwanza, na hakuna mutu mwingine Butembo nzima anayeiandika vile.

Mais maneno yaliyokaa juu ya sahihi hayakuwa yake hata moja.

"Sisi famille ya marehemu Zacharie tunaomba askari Jordy auawe, bila huruma, mbele ya watu wote."

Kwa ule anayeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza, tuseme upesi. Zacharie, mufanyabiashara wa Kimemi, mutaa wa Butembo, aliondoka mwaka jana, mwaka wa 2000, kwenda kununua maharagi Kanyabayonga. Hakurudi. Maiti haikuonekana. Kilichoonekana ni koti yake, yenye damu, mwilini mwa Jordy, soda wa barrière, kizuizi cha njia, kijana aliyetumwa huku kutoka jimbo la Équateur. Jordy alikubali kosa, korti ya kijeshi ikamukatia kifo. Na mujane wa Zacharie, huyu Emérence, ndiye amekuja Beni kuomba asiuawe.

Sasa karatasi inasema yeye ndiye anayeomba auawe.

"Sahihi ni yangu," Emérence akasema. "Mais hii barua, auditeur, hapana mimi. Mimi nilisaini karatasi nyeupe."

Auditeur Roger, mutu wa Kisangani, mwenye tumbo la heshima na kalamu tatu mufukoni, akamutazama kama anatazama mugonjwa. "Nyeupe? Mama, nani anasaini karatasi nyeupe?"

Nani? Famille ya Muyisa, wakwe zake! Kwao ni hivyo tangu zamani. Kamiyo, lori nzima ya mali, inaondoka kwa neno la mudomo tu. Ikihitajika barua, wote wanasaini chini, mahali patupu, halafu ule aliyesoma sana anakwenda nayo kuijaza nyumbani kwake polepole. Kuisoma barua ya ndugu yako kabla ya kusaini, kwao ni kumwita ndugu yako mwizi.

Na aliyesoma sana alikuwa pale pale, kwenye kiti cha pembeni. Kasonia, mudogo wake Zacharie, aliyekuwa mwalimu zamani na sasa anakaa ndani ya magazini, duka la kaka yake. Alikuwa anapangusa miwani yake.

"Kasonia," Emérence akamugeukia. "Tulikaa siku mbili kwa baba. Tulipatana. Tulisema tuombe pardon, ule soda atuonyeshe fasi mwili uko. Weye mwenyewe ulisema 'ndiyo, mulamu, shemeji yangu, nitaandika muzuri.' Uliandika nini hapa?"

"Niliandika ile famille iko nayo mu roho."

"Roho ya nani?"

"Mulamu, hapana pigia mimi kelele mbele ya bakubwa."

Heh! Mutu anakuuza, halafu anakufundisha adabu. Huyu Kasonia ndiye alibeba musalaba wa kanisa siku ya misa ya marehemu. Ndiye alimushika mukono alipoanguka.

Auditeur Roger akafunga dossier, faili ya kesi. "Mama, kaa. Nitakusemea wazi. Mu hii vita, soda mwenye bunduki na njaa, ni serikali na mwizi mu nguo moja. Tukiua mumoja pale stade, kiwanja cha mupira, batu bakaona, kumi bataogopa kunyanganya ba commerçants mu njia. Mimi sikutunga hii sheria. Mais naona iko na kazi."

"Mwaka jana muliua babili pale pale," Emérence akajibu. "Kiisha juma mbili, bamama ba Oicha bakanyanganywa mbuzi na mafuta, na basoda. Ile kifo ilifundisha nani?"

"Na bila ile, bangenyanganywa mara ngapi? Hujue, mama. Hata mimi sijue."

"Kama hujue, juu ya nini unaua?"

Roger akafungua dossier tena, kama vile jibu liko ndani. Tusimucheke. Ulizo lile limeshinda watu wenye kofia kubwa kuliko yake.

Hapo fimbo ikagonga chini. Ni muzee Muyisa, baba ya Zacharie na Kasonia, mutu wa miaka sabini, anayeheshimiwa kuanzia Kimemi mpaka Lubero. Alisimama, akaegemea fimbo.

"Munabishana sawa batoto ba catéchisme! Mwana wangu alikufa. Ule soda anakula, analala, anaota jua. Mimi nazeeka, hata fasi ya kuweka maua sina. Kasonia aliandika vibaya, sawa. Mais neno aliandika ni la kweli. Damu kwa damu!"

"Baba," Emérence akasema kwa sauti ya chini, "mimi pia nilisema vile."

Na ni kweli, tusimufiche. Miezi sita ya kwanza Emérence alimuombea Jordy kifo kwa rozari, kila jioni, shanga kwa shanga. Aliota anamupiga mawe. Ni kidogo kidogo tu ndipo ulizo moja lilianza kumunyima usingizi.

"Nilisema vile, baba. Mais mutu mufu atanionyesha kaburi gani? Na kama mulikosea mutu? Ule mwenye kuwa mu cachot, unaweza kufungua mulango, umuambie: pardon, kijana, tulikosea. Ule mwenye kuwa mu udongo, utamufungulia mulango gani?"

Inje, soda mumoja alikuwa anaimba kilingala akifua nguo.

Roger akatazama saa yake. "Commandant atasaini leo. Saa tisa ya muchana, stade. Barua hii inaweza kutoka mu dossier kama bale batatu balisaini bote banaiondoa. Bote batatu."

"Mimi siiondoe," Kasonia akasema upesi.

Muyisa alikaa chini, akafunika uso na mikono.

"Donc basi, inabaki," Roger akasema. Halafu, labda kwa haya, akaongeza: "Mama, sheria inakupatia haki ya kuona mufungwa. Dakika kumi."

* * *

Cachot, chumba cha wafungwa, ilinuka mukojo na chokaa. Jordy alikuwa na miaka makumi mbili na tatu, shingo nyembamba, muguu mumoja umevimba. Alipomuona Emérence akasimama mara moja, na uso wake, ee Mungu wangu, ukafurahi.

"Mama! Barua imefika?"

"Barua gani?"

"Ya pardon. Ile ya famille." Alisema Kiswahili cha kukwaruza, cha mutu aliyekulia kwa kilingala. "Ule mwalimu wa miwani, ndugu ya marehemu, alikuya hapa mara mbili. Alisema: Jordy, hakuna mutu atakuamini. Kubali kama uliua, omba pardon. Mimi njo naandikaka barua za famille. Batakupatia miaka tano, utarudi kwenu. Njo maana nilikubali."

Emérence akashika chuma cha mulango. Kasonia alikuja hapa mara mbili, na nyumbani hakusema hata mara moja.

"Donc uliua."

"Nilikubali, mama. Hapana kuua."

"Na koti? Na damu?"

"Damu ni yangu." Akageuza kichwa, akaonyesha kovu nyuma ya sikio. "Balinipiga siku ya kunikamata, nikiwa nimeivaa. Koti, ule bwana alinipatia mwenyewe. Alifika barrière asubui, tukakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, tukingoja kamiyo. Alisema: nipatie siri, nikupatie koti. Mutu akikuuliza, sema hukuniona. Kiisha akapanda kamiyo. Hapana ya Kanyabayonga, mama. Ile ya kurudi huku Beni."

"Unasema uongo."

"Alicheka. Alisema: ndugu, mimi leo nakufa, kesho nazaliwa Mbau."

Emérence akasogeza sikio karibu na chuma.

"Alisema kule kuko mwanamuke, Shekinah. Anamubebea mimba. Nganga wa dispensaire alimuambia itakuwa kijana, mutoto mwanaume."

Kijana! Emérence alikuwa na binti wane, wazuri, wenye akili, na kila mara alipojifungua watu walikuja kumupongeza kwa sauti ya kumupa pole. Mara moja akajua. Hakujua kwa kichwa, alijua kwa tumbo. Na kichwa nacho kikafuata: kama Kasonia aliamini huyu soda ni muuaji wa kaka yake, kwa nini alikuja kumubembeleza gizani kama anachumbia? Mutu hambembelezi muuaji. Anambembeleza ule anayejua kitu.

Mwaka muzima! Mwaka muzima amelala chini juu ya mukeka. Mwaka muzima amelipia misa ya roho ya mutu mwenye anakula samaki Mbau.

"Mama," Jordy akauliza, na sasa furaha ilikuwa imetoka usoni, "barua inasema nini?"

Emérence alishindwa kumudanganya, na alishindwa kumuambia. "Ngoja mimi," alisema. "Usikufe kabla sijarudi."

* * *

"Mama, kila mutu mwenye kungojea bunduki anafufuaka batu," Roger alisema alipoelezwa. Mais hakucheka. Alizungusha kalamu, akaitazama barua, akamutazama. "Siwezi kupelekea commandant hadisi ya mu cachot. Niletee ule mufu, asimame hapa na miguu yake mbili, mimi mwenyewe nitapasua dossier. Sasa ni saa ine na nusu. Saa tisa haitakungoja."

Kasonia hakuwepo tena. Walisema amekwenda stade, kutafuta fasi nzuri ya kusimama.

Muyisa alikuwa peke yake kwenye benchi la inje. Emérence akapiga magoti mbele yake, kama inavyotakiwa, akamuambia yote: barrière, koti, Mbau, Shekinah. Alimuambia taratibu, juu aliogopa roho ya muzee isipasuke.

Muyisa akaweka fimbo chini. Machozi yakashuka ndani ya ndevu zake nyeupe.

"Zacharie mwana wangu anaishi?"

"Sijue, baba. Naenda kuona. Mais kuko mutu wa kubaki hapa. Commandant akitaka kusaini, umuzuie. Umuambie famille inaondoa barua, na Kasonia umulazimishe. Wewe njo mukubwa, atakusikia."

Muzee akaweka mukono juu ya kichwa chake, akamubariki. "Enda, mwana wangu. Nitakaa mu mulango yake. Asipopita juu ya mwili wangu, hasaini."

Emérence akalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Angalau mumoja, alijiambia. Ndani ya nyumba ile yote, angalau mutu mumoja.

* * *

Moto, pikipiki, ilikuwa ya kuazima, na dereva alikuwa na haraka kuliko akili. Vumbi, mashimo, barrière ya kwanza, barrière ya pili, "mama, unaenda wapi, leta sigara," na Emérence anajibu neno moja kwa wote: "Naenda kuchukua maiti." Basoda waliondoa kamba. Hata mulevi anaogopa kumuzuia mutu wa matanga.

Saa saba ilipokaribia, walifika Mbau. Kwa Shekinah? Mama wa kwanza waliyemuuliza aliwaonyesha kwa kidole, bila kusimama: nyumba ya mabati mapya, nyuma ya duka la mafuta.

Ndani ya parcelle, uwanja wa nyumba, mwanaume mumoja alikuwa ameinama anaanika kahawa juu ya bâche, turubai. Amenenepa. Amefuga sharubu. Mais ile namna ya kukuna mugongo kwa kidole gumba, Emérence aliishi nayo miaka kumi na mine.

"Zacharie."

Mwanaume akasimama. Macho yalimujua mara moja. Mudomo ndio ulikataa.

"Unatafuta nani, mama? Mimi ni Hénock."

Mwanamuke kijana akatoka nyumbani, mutoto mugongoni. "Hénock, ni nani?"

"Simujue. Labda mukimbizi. Bamoja, vita imebachokesha akili."

Halafu akakaribia, kama mutu anayetaka kumusaidia mugonjwa kukaa, na akamunongonezea kwa kinande, lugha ya kwao, ili Shekinah, aliyezaliwa mbali, asisikie. Alisema: "Rudi Butembo, Emérence. Mujane anaheshimiwa kuliko mwanamuke aliyeachwa, sisi tulikupatia heshima. Ule soda hana ndugu huku. Hakuna mutu atakayemulilia. Mwache afe, mambo yaishe."

Wasomaji, mimi ningemupiga na reki ya kahawa. Nasema ukweli wangu.

Emérence hakumupiga. Alimutazama huyu mutu ambaye yeye alimupikia, alimuzalia, alimulilia, na akasikia kitu ndani yake kinakatika kwa kimya. Hakubaki na mapendo, wala wivu. Alibaki na hesabu moja tu kichwani: kijana mwenye shingo nyembamba, saa tisa.

Akakaa chini katikati ya parcelle. Akafungua kitambaa cha kichwa. Akaweka mikono nyuma ya kichwa, na akapiga kilio.

Si kilio cha ugomvi. Ni kile cha matanga, chenye jina la marehemu mbele na nyuma, ambacho mutu wa huku akikisikia anaacha jembe ndani ya shamba, anaacha chungu juu ya moto, anakimbia. Hakuna anayeuliza kwanza. Unafika, ndipo unauliza.

"Funga mudomo!" Zacharie akasema. "Emérence, funga mudomo!"

Amelitaja jina lake! Shekinah akageuka.

Na watu walikuwa wamekwisha kuingia. Wanaume wenye panga za shamba, wamama wenye unga mikononi, catéchiste wa kijiji mwenye kiatu kimoja. Wakajaza parcelle.

"Pole, mama, pole. Nani amekufa?"

"Bwana yangu," Emérence akasema. "Zacharie, mwana wa Muyisa wa Kimemi. Amekufa mwaka muzima. Tulimufanyia misa. Kule Beni kuko kijana ataletwa stade saa tisa, apigwe risasi juu ya kifo chake." Akanyoosha mukono. "Na maiti yenyewe njo ile, inasimama pale. Ndugu zangu, munisaidie kuibeba."

Watu wote wakamugeukia ule mwanaume.

"Hénock," catéchiste akasema, "ni kweli?"

"Zacharie ni nani?" Shekinah akauliza kwa sauti ndogo. "Hénock? Zacharie ni nani?"

Zacharie alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga kahawa yake, na wanaume wawili wakamushika mikono, mumoja huku, mwingine kule, bila matusi, bila kumupiga, namna watu wanavyobeba maiti ya jirani. Mbele ya duka kulikuwa camionnette ya makaa inayokwenda Beni. Wakaanza kumusogeza.

Ni hapo Zacharie alianza kucheka. Si kicheko kirefu. Kile cha mutu aliyeacha kujificha.

"Mupumbavu weye, Emérence. Beni ulimuacha nani na commandant?"

"Baba."

"Baba!" Akatikisa kichwa. "Unazania Kasonia iko na akili ya kupanga mambo kama haya? Kasonia ni kalamu tu. Nani alilia kila Noël juu sina kijana? Nani alisema padri hatavunja ndoa, mais kifo kinavunja? Nani alinibariki ile asubui, mukono juu ya kichwa, akasema: enda, mwana wangu, ukufe, uniletee mujukuu?"

Emérence alisikia ule mukono juu ya kichwa chake mwenyewe. Bado ulikuwa na joto.

Ilikuwa saa saba na dakika makumi mbili. Na Jordy, Emérence mwenyewe ndiye alikuwa amemuacha mikononi mwa Muyisa.